UMEME TULIVU KWA AMPLIFAYA YETU

1. Jumatatu au Jumatano?

Ndugu mwanakisomo, somo hili linaanza na jambo lililotokea darasani kwetu Nkololo.

Darasa letu lina amplifaya ndogo. Tunaitumia siku ya mkutano, watu wanapokuwa wengi. Msemaji anashika maikrofoni. Sauti yake inatoka kwenye spika, na watu wa nyuma wanasikia.

Lakini amplifaya hiyo ilikuwa na ugonjwa. Ilivuma. Ilivuma mfululizo kama nyuki ndani ya mzinga. Hata msemaji alipokaa kimya, mvumo uliendelea.

Siku moja mhudumu wa afya alitangaza siku ya chanjo ya watoto. Alisema Jumatatu. Mama mmoja aliyekaa nyuma alisikia Jumatano. Jumatano alitoka nyumbani alfajiri, mtoto akiwa mgongoni. Alipofika alikuta chanjo imekwisha. Alirudi nyumbani na mtoto ambaye hakuchanjwa.

Tazama maneno hayo mawili:

Ju-ma-ta-tu
Ju-ma-ta-no

Yanatofautiana kwa silabi moja tu, silabi ya mwisho. Mvumo uliifunika silabi hiyo.

Katika darasa lililofuata tulizungumza jambo hilo. Bibi mmoja aliuliza:

"Mwalimu, zamani tulikuwa tukikusanyika kusikiliza redio ya betri. Ile redio haikuvuma. Hii ya umeme wa nguzo inavuma. Kwa nini?"

Swali la bibi lilikuwa zuri sana. Mimi sikuweza kulijibu siku ile. Nilikwenda kumwuliza fundi wa redio, nikarudi na jibu. Somo hili ni jibu hilo. Tutajifunza mvumo unatoka wapi. Kisha tutajifunza namna ya kutengeneza bodi inayoipa amplifaya umeme tulivu.

2. Redio ya betri na umeme wa nguzo

Wazee wanakumbuka mwaka 1973. Mwaka huo kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchini Tanzania walikusanyika katika vikundi kusikiliza vipindi vya redio juu ya afya. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Redio nyingi za vijijini wakati ule zilitumia betri.

Umeme wa betri unakwenda njia moja tu. Unatoka upande wa chanya, unapita ndani ya redio, unarudi upande wa hasi. Haugeuki. Hautikisiki. Umeme wa namna hii unaitwa mkondo mnyoofu.

Umeme wa nguzo ni tofauti. Huo unakwenda na kurudi. Unasukuma, kisha unavuta. Kwetu Tanzania unafanya hivyo mara 50 katika sekunde moja. Umeme wa namna hii unaitwa mkondo geu. Nguvu yake ya kusukuma ni volti 230.

Mkondo geu una faida kubwa. Unaweza kusafirishwa mbali kwa nyaya, na ni rahisi kuupandisha au kuushusha volti. Ndiyo maana unaletwa kwetu kwa nguzo. Lakini amplifaya haiwezi kuutumia kama ulivyo. Amplifaya inataka mkondo mnyoofu, kama wa betri.

Kwa hiyo ndani ya amplifaya ya umeme wa nguzo kuna sehemu maalumu. Kazi yake ni kuugeuza mkondo geu uwe mkondo mnyoofu. Mafundi wanaiita pawa saplai. Sisi tutaiita bodi ya umeme. Bodi hiyo ikifanya kazi nusu nusu, ule mtikisiko wa kwenda na kurudi haufi wote. Unaobaki unaingia kwenye sauti. Huo ndio mvumo.

Bibi alikuwa sawa. Redio ya betri haikuwa na mvumo wa namna hii, kwa sababu umeme wake haukuwa na mtikisiko wa kuuondoa.

3. Kazi nne za bodi ya umeme

Bodi ya umeme ina kazi nne. Hebu tuzitazame moja moja.

Kazi ya kwanza: kushusha. Volti 230 ni nyingi mno kwa amplifaya ndogo, tena zinaua. Kifaa kinachozishusha kinaitwa transfoma. Transfoma ina nyaya zilizozungushwa mara nyingi juu ya chuma. Volti 230 zinaingia upande mmoja. Upande wa pili zinatoka volti chache. Kwa bodi yetu tunataka zitoke volti 15. Lakini umeme huo bado unakwenda na kurudi.

Kazi ya pili: kuelekeza njia moja. Kazi hii inafanywa na daiodi. Unaijua valvu ya gurudumu la baiskeli. Upepo unaingia lakini hautoki. Daiodi ni kama valvu hiyo. Inaruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Tukipanga daiodi 4 kwa utaratibu maalumu tunapata kile kinachoitwa daraja. Umeme ukija kwa kusukuma, daraja linaupeleka mbele. Ukija kwa kuvuta, daraja linaugeuza, nao pia unakwenda mbele. Sasa umeme hauendi na kurudi tena. Lakini unakuja kwa vishindo, vishindo 100 katika sekunde moja.

Kazi ya tatu: kusawazisha. Fikiria pampu ya kisima cha kijiji. Unaposukuma mkono wa pampu maji yanatoka, kisha yanapungua, kisha yanatoka tena. Yanakuja kwa vishindo. Sasa jaza pipa kwa pampu hiyo, na chini ya pipa weka bomba. Maji ya bombani hayana vishindo. Yanatiririka sawasawa. Pipa limepokea vishindo na kutoa utulivu.

Pipa la umeme linaitwa kapasita. Linajazwa na vishindo vya daraja, kisha linaipa amplifaya umeme polepole. Pipa dogo linakaribia kukauka kabla kishindo kingine hakijafika. Pipa kubwa linabaki na maji mengi. Vivyo hivyo kapasita ndogo inaacha mvumo mwingi. Kapasita kubwa inaacha mvumo kidogo.

Kazi ya nne: kukata usawa. Hata pipa kubwa, maji yake yanapanda na kushuka kidogo. Hapa tunahitaji kidhibiti cha volti.

Umewahi kuona mtu anapima mpunga kwa debe? Analijaza debe hadi nafaka ifanye kichuguu juu. Kisha anachukua kijiti na kufuta juu ya mdomo wa debe. Kichuguu kinaondoka. Kila debe linakuwa sawa na jingine. Kidhibiti kinafanya hivyo kwa umeme. Kinapokea volti zinazopanda na kushuka, labda 18 hadi 20. Kinafuta juu. Zinazotoka ni volti 12, kila wakati 12.

Lakini kumbuka: debe lisipojaa, kijiti hakina cha kufuta. Volti zinazoingia zikishuka karibu na 12, kidhibiti hakiwezi kusawazisha, na mvumo unarudi. Kidhibiti chetu kinataka kipewe angalau volti 2 zaidi ya zile kinazotoa. Maana yake kisipewe chini ya volti 14. Hii ndiyo sababu tumechagua transfoma ya volti 15 wala si ya volti 12.

Kumbuka jambo la pili: kile kinachofutwa hakipotei bure. Kinageuka kuwa joto. Ndiyo maana kidhibiti hufungwa kwenye bati nene la alumini lenye mapezi. Bati hilo linalitoa joto hewani.

4. Kwanza tafuta ugonjwa

Mganga mzuri hatoi dawa kabla ya kupima. Si kila mvumo unatoka kwenye bodi ya umeme. Fanyeni vipimo viwili.

Kipimo cha kwanza. Zima amplifaya. Chomoa waya wa maikrofoni. Washa tena. Mvumo ukiisha, ugonjwa uko kwenye maikrofoni au waya wake. Huenda waya umekatika ndani, au umelazwa sambamba na waya wa umeme wa nguzo. Mvumo ukiendelea, ugonjwa uko ndani ya amplifaya.

Kipimo cha pili. Kipimo hiki ni kwa amplifaya inayotumia volti 12 tu. Iondoe kwenye bodi yake ya umeme. Iunganishe na betri ya volti 12, kama ile ya gari au ya umeme wa jua. Betri hiyo isiwe inachajiwa wakati huo. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu na betri. Hakikisha chanya inakwenda kwa chanya na hasi kwa hasi. Sasa sikiliza. Mvumo ukiisha, mmempata mkosaji. Ni bodi ya umeme.

Darasa letu lilifanya vipimo vyote viwili. Tulipochomoa maikrofoni mvumo uliendelea. Tulipotumia betri, spika ilinyamaza kabisa. Bibi alicheka akasema, "Si nilisema?"

Fundi aliifungua bodi ya zamani. Aliona kapasita kubwa imevimba kichwani. Alitueleza kwamba ndani ya kapasita za aina hiyo kuna maji maji, na kwamba joto huyakausha kadiri miaka inavyokwenda. Kapasita iliyokauka ni kama pipa lililojaa mchanga. Kwa macho ni pipa kubwa, lakini haliingii maji. Tuliamua kutengeneza bodi mpya.

5. Vifaa vinavyohitajika

Bodi hii inatosha amplifaya ndogo ya darasa inayotumia volti 12, na isiyotumia zaidi ya ampea 1. Nunueni vifaa hivi kwa muuza vifaa vya redio:

(a) Transfoma 1, ya kutoka volti 230 kwenda volti 15, yenye uwezo wa ampea 2.
(b) Daiodi 4, zenye namba 1N5408.
(c) Kapasita kubwa 1, ya maikrofaradi 4700, volti 35.
(d) Kidhibiti 1, chenye namba 7812, pamoja na bati lake la kutoa joto.
(e) Kapasita ndogo 2: moja ya maikrofaradi 0.33 na moja ya maikrofaradi 0.1.
(f) Kapasita ya kati 1, ya maikrofaradi 100, volti 25.
(g) Rezista 2: moja ya omu 2200, nusu wati, na moja ya omu 1000.
(h) Taa ndogo nyekundu ya kuonyesha kwamba umeme upo.
(i) Fyuzi ya miliampea 315, ya aina inayochelewa kukatika, pamoja na nyumba yake.
(j) Swichi, waya wa umeme wenye nyaya tatu ndani, na plagi ya miguu mitatu.
(k) Bodi yenye matundu, na sanduku la chuma.

Someni namba zilizoandikwa juu ya kila kifaa kabla ya kulipa. Hii ni faida moja ya kujua kusoma. Kapasita iliyoandikwa volti 16 inafanana na ile ya volti 35. Lakini ukiiweka mahali pa kapasita kubwa itapasuka, kwa sababu mahali pale huwa na volti 20 au zaidi.

6. Hatari: soma kabla ya kuanza

Volti 230 zinaua. Hazitoi onyo. Kwa hiyo tunagawana kazi.

Upande wa volti 230, yaani plagi, swichi, fyuzi na waya unaoingia kwenye transfoma, ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Mwanakisomo asiuguse upande huo. Fundi akimaliza, sehemu hiyo ifunikwe ndani ya sanduku.

Upande wa volti 15 ndio wa darasa. Huko ndiko tutakapojifunza kulehemu.

Sheria nyingine ni hizi:

Usiiguse bodi ikiwa imechomekwa ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Chomoa plagi.

Baada ya kuchomoa, subiri dakika 2. Kapasita ni pipa. Hata ukifunga pampu, pipa bado lina maji. Rezista ya omu 2200 ndiyo itakayolimwaga polepole.

Kapasita ikigeuzwa, hasi ikawekwa mahali pa chanya, inaweza kupasuka usoni pako. Angalia mara mbili kabla ya kulehemu.

7. Hatua za kutengeneza

Hatua ya 1. Pangeni vifaa juu ya bodi bila kulehemu. Utaratibu uwe wa mstari: daraja, kisha kapasita kubwa, kisha kidhibiti, kisha matokeo. Umeme upite kutoka mwanzo hadi mwisho bila kurudi nyuma.

Hatua ya 2. Tengenezeni daraja. Kila daiodi ina mstari upande mmoja. Chukueni daiodi 2, muunganishe ncha zenye mstari. Hapo ni chanya. Chukueni daiodi nyingine 2, muunganishe ncha zisizo na mstari. Hapo ni hasi. Sasa jozi ya kwanza ina ncha 2 zilizo huru, na jozi ya pili ina ncha 2 zilizo huru. Unganisheni ncha moja ya jozi ya kwanza na ncha moja ya jozi ya pili. Fanyeni hivyo kwa ncha zilizobaki. Maungo hayo mawili ndiyo yatakayopokea nyaya mbili za transfoma.

Hatua ya 3. Wekeni kapasita kubwa karibu kabisa na daraja. Ubavuni mwake kuna mstari wenye alama ya kutoa. Huo ndio upande wa hasi. Unganisheni hasi ya daraja na hasi ya kapasita, na chanya ya daraja na chanya ya kapasita. Nyaya za hapa ziwe fupi na nene. Kisha wekeni rezista ya omu 2200 kutoka chanya ya kapasita hiyo kwenda hasi yake.

Hatua ya 4. Wekeni kidhibiti. Kina miguu mitatu. Shika kidhibiti ili maandishi yakutazame na miguu iwe chini. Mguu wa kushoto unapokea umeme. Mguu wa kati ni hasi. Mguu wa kulia unatoa volti 12. Unganisheni mguu wa kushoto na chanya ya kapasita kubwa. Unganisheni mguu wa kati na hasi ya kapasita kubwa. Kifungeni kidhibiti kwenye bati lake kwa skrubu.

Hatua ya 5. Wekeni kapasita ya 0.33 kati ya mguu wa kushoto na mguu wa kati. Wekeni ya 0.1 kati ya mguu wa kulia na mguu wa kati. Ziwe karibu sana na miguu hiyo. Kazi yake ni kukizuia kidhibiti kisitetemeke chenyewe.

Hatua ya 6. Wekeni kapasita ya 100 kwenye matokeo, chanya kwa mguu wa kulia, hasi kwa hasi. Mwisho wekeni taa ndogo pamoja na rezista ya omu 1000. Rezista na taa vifuatane, kimoja baada ya kingine, kutoka volti 12 kwenda hasi. Mguu mrefu wa taa uelekee chanya.

Hatua ya 7. Kagueni. Mtu aliyelehemu asijikague mwenyewe. Mwenzake ashike orodha, asome kwa sauti, na kugusa kila kifaa kwa kidole. Tone la risasi lililogusa njia mbili linaweza kuharibu kazi ya siku nzima.

8. Siri ya njia ya hasi

Mtu anaweza kununua vifaa vyote vizuri, na bado bodi yake ikavuma. Hapa kuna siri ambayo fundi alituonyesha.

Daraja linaijaza kapasita kwa vishindo vikubwa vya muda mfupi. Waya unaobeba vishindo hivyo hutikisika kwa umeme, ingawa ni kidogo. Ukiunganisha hasi ya amplifaya katikati ya waya huo, amplifaya itausikia mtikisiko.

Fikiria njia nyembamba ya kijijini. Mkokoteni wa ng'ombe unapita njia hiyo. Mama mwenye ndoo ya maji kichwani naye anapita njia hiyo hiyo. Kila mkokoteni unapopita, mama anayumba na maji yanamwagika. Dawa yake si kumlaumu mama. Dawa ni kumpa njia yake.

Kwa hiyo mkokoteni, yaani vishindo vya daraja, uishie kwenye kapasita kubwa. Kutoka hasi ya kapasita kubwa, njia nyingine ianze kwenda kwenye kidhibiti. Na hasi ya amplifaya ichukuliwe kwenye hasi ya matokeo, mwisho wa bodi. Kamwe isichukuliwe kati ya daraja na kapasita.

Pia iwekeni transfoma mbali na waya wa maikrofoni. Transfoma hutoa nguvu za sumaku pande zote. Waya wa maikrofoni ulio karibu huzipokea, na spika huvuma.

9. Usikate waya wa ardhi

Kuna tabia mbaya lazima tuiseme wazi. Plagi ya amplifaya ina miguu mitatu. Mguu mmoja ni wa waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na njano. Watu wengine wamegundua kwamba mara nyingine wakiukata waya huo, mvumo unapungua. Kijana mmoja wa darasa letu alipendekeza tufanye hivyo. "Mwalimu," alisema, "hiyo ni rahisi, haina gharama."

Fundi alimjibu hivi: "Mdogo wangu, gharama yake ni mtu."

Sikiliza sababu. Sanduku la amplifaya ni la chuma. Siku moja waya wa volti 230 unaweza kuchomoka na kuligusa sanduku. Kama waya wa ardhi upo, umeme unakimbilia ardhini, fyuzi au swichi kuu inakatika, na hatari inakwisha. Kama waya wa ardhi umekatwa, sanduku linakaa na volti 230, likisubiri. Maikrofoni nayo ni ya chuma, na imeunganishwa na sanduku. Atakayeishika akiwa amesimama kwenye ardhi yenye unyevu, umeme utapita mwilini mwake.

Mvumo hauponywi kwa kukata waya wa ardhi. Unaponywa kwa bodi nzuri na nyaya zilizopangwa vizuri.

10. Kuijaribu bodi

Bodi ijaribiwe kabla ya kuunganishwa na amplifaya. Fundi awepo.

Kwanza, chomekeni na washeni. Taa ndogo iwake. Kukiwa na moshi, harufu ya kuungua au mlio, chomoeni mara moja.

Pili, pimeni kwa mita. Kwenye kapasita kubwa mtapata volti kati ya 20 na 25, maana hakuna kinachotumia umeme bado. Kwenye matokeo mtapata volti 12. Ikiwa 11.5 hadi 12.5, ni sawa. Ikiwa matokeo yanaonyesha zaidi ya hapo, au karibu na sifuri, msiunganishe amplifaya. Chomoeni, subirini dakika 2, mkague tena.

Tatu, zimeni, chomoeni, subirini, kisha muunganishe amplifaya. Washeni na msikilize bila mtu kusema. Baada ya nusu saa ya kazi, zimeni na mchomoe, kisha mkaribishe mkono kwenye bati la kidhibiti. Litakuwa na joto. Likiwa la kuunguza, ongezeni bati kubwa zaidi na matundu ya hewa kwenye sanduku.

11. Je, kwa spika kubwa za ngoma?

Wanakisomo wengi waliuliza juu ya spika kubwa. Baada ya mavuno vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana, na siku hizi spika huwa kubwa.

Bodi hii haiwezi kazi hiyo. Amplifaya kubwa inataka umeme mwingi kuliko kidhibiti hiki kinavyoweza kutoa. Huko hutumiwa transfoma kubwa na kapasita kubwa nyingi, na mara nyingi kidhibiti hakiwekwi kwenye njia ya umeme mkubwa. Volti zake ni za hatari hata upande wa pili wa transfoma. Hiyo ni kazi ya fundi aliyesomea. Lakini mafundisho ni yale yale: pipa liwe kubwa, njia za hasi zitenganishwe, na waya wa ardhi usikatwe.

12. Mwisho

Bodi ya darasa letu ilichukua jioni tatu. Jioni ya kwanza tulisoma namba na kupanga vifaa. Jioni ya pili tulilehemu. Kijana aliyetaka kukata waya wa ardhi ndiye aliyelehemu, na yule mama aliyekosa chanjo ndiye aliyeshika orodha na kukagua. Alikuta daiodi moja imegeuzwa. Tuliirekebisha kabla umeme haujawashwa.

Jioni ya tatu fundi aliwasha. Tulikaa kimya tukisubiri nyuki. Hawakuja. Tukadhani spika haifanyi kazi. Ndipo mama yule akachukua maikrofoni, akasema polepole:

"Chanjo ni Ju-ma-ta-tu."

Watu wa nyuma kabisa walijibu pamoja, "Jumatatu!"

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kwa nini redio ya betri haikuwa na mvumo wa umeme wa nguzo?
2. Taja kazi nne za bodi ya umeme, na kifaa kinachofanya kila kazi.
3. Kapasita inafananaje na pipa? Kidhibiti kinafananaje na kijiti cha kufutia debe?
4. Jirani yako anataka kukata waya wa ardhi wa amplifaya yake. Utamwambia nini?
5. Katika kijiji chenu, ni tangazo gani ambalo likisikika vibaya litaleta hasara? Jadilianeni namna ya kuhakikisha watu wote wamelisikia.

HESABU

Wati hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Kidhibiti kinapokea volti 19 na kutoa volti 12. Amplifaya inatumia ampea 1.

(a) Ni volti ngapi zinafutwa?
(b) Ni wati ngapi zinageuka kuwa joto?

Majibu: (a) 19 - 12 = volti 7. (b) 7 x 1 = wati 7.